Gari libebe mahema, baiskeli tutapanda nazo wenyewe

Jumapili usiku nimeshazima taa, kundi letu la WhatsApp likaanza kulia. Tunapanga safari ya Februari, watu sita, siku nne: Chimala, Matamba, uwanda wa maua wa Kitulo, tushukie Kikondo hadi Isyonje, kisha lami mpaka Mbeya mjini. Nimeipigia mahesabu tangu Julai. Basi mwenzetu mmoja wa Dar, ambaye bei ya baiskeli yake ingenunua bodaboda mbili na chenji ikabaki, akaandika hivi: "Wakuu, nimepata Land Cruiser. Itupandishe na baiskeli mpaka juu, tuanzie kwenye maua. Zile kona tutajichosha bure." Chini yake dole gumba, dole gumba, dole gumba.

Kujichosha bure. Nilikaa kitandani nikaisoma mara tatu. Mke wangu akauliza nani kafa.

Sikujibu usiku ule, maana ningeandika mambo ya kuombea radhi asubuhi. Najibu hapa, kwa nafasi.

Ile barabara ya kupanda kutoka Chimala hadi Matamba inaitwa Hamsini na Saba. Haikupewa jina la chifu wala la mkuu wa mkoa, imepewa jina la kona zake. Aliyezihesabu hakuwa amekaa kiti cha nyuma akichezea simu. Halafu leo sisi, tunaojiita waendesha baiskeli, tena tuliochapisha na fulana zenye majina mgongoni, tupakiwe na baiskeli zetu kama mitungi ya gesi! Kwa nini tusikodi helikopta kabisa?

Nimewahi kuufanya ujinga huo, kwa hiyo najua ninachosema. Mwaka fulani nilipanda na shemeji yangu kwa pikapu, baiskeli mbili nyuma zimefungwa kwa kamba za mpira. Saa nzima nilikuwa naangalia kisogo cha dereva. Shemeji alitapika mara mbili, kona ya ngapi hakuna aliyejali. Tulipofika juu kichwa kilinigonga mpaka jioni, kwa sababu mwili hauwezi kutolewa Chimala, kwenye joto la bonde la Usangu mita elfu moja na ushee, ukatupwa kwenye mita 2,600 kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni. Tukaendesha baiskeli masaa mawili, tukapiga picha, tukarudi. Picha ninazo. Safari yenyewe siikumbuki.

Sasa linganisha na Oktoba mbili zilizopita, nilipopanda kwa pedeli na mwalimu mmoja rafiki yangu. Tulianza Chimala saa kumi na mbili, mashati yameshalowa kabla mlima haujaanza. Kona za mwanzo ni jua la kichwani na vumbi la breki za Fuso zinazoshuka na viazi. Kwenye kona ya ishirini na kitu tulisimama kunywa maji, nikageuka. Usangu yote ilikuwa imetandazwa chini kama mkeka. Barabara ya Tanzam imekuwa uzi, na malori yanayokwenda Tunduma yanatambaa juu yake kama siafu. Hakuna aliyesema neno. Mbele kidogo upepo ukabadilika. Sio hadithi, kuna kona unaingia na jasho unatoka na baridi. Mwalimu akavaa sweta, mimi nikajifanya dume, kona tatu baadaye nikaomba la kwangu. Miti inabadilika, udongo unabadilika, hata moshi wa majikoni unanuka kitu kingine. Mtu wa gari anayapata wapi haya? Anafungua mlango juu, anasema "kumbe kuna baridi", basi.

Tena tulilala Matamba, tukala viazi vya kuchemsha na chai ya rangi kwa mama mmoja aliyetuuliza kwa upole kabisa, "Wanangu, nauli mliibiwa?" Asubuhi yake tukaingia uwandani vichwa vyetu vizima. Mwili ulikuwa umeshapewa taarifa.

Na kuna jambo jingine linalonikera zaidi, nalo nitalisema waziwazi. Tukiwa kama kona ya thelathini tulipishana na kijana anashuka na Phoenix. Haina gia. Breki ya mbele ilikuwa waya unaoning'inia. Keria imebeba gunia la viazi lililofungwa kwa mpira wa tyubu, na nyuma anaburuta tawi la mti limkamate asiende korongoni. Mguuni yeboyebo. Alitusalimia "Shikamooni" bila kupunguza mwendo, akapotea kwenye kona. Jioni, nadhani, aliisukuma ileile baiskeli kupanda kurudi kwao, na keshokutwa tena. Huyu hakuna anayemwita mwanamichezo. Hana fulana. Mjini baiskeli kama yake ni ya muuza mkaa, na mzazi anamwambia mtoto asome ili asije akaipanda. Ikishafika milioni tatu na kaptula ya kubana, ghafla inakuwa "mtindo wa maisha", na mtindo wenyewe unaogopa mlima ambao gunia la viazi linaushuka na kuupanda kila wiki. Kama aibu inauzwa dukani, kundi letu lichangishane.

Haya, maua. Jamaa anataka "tuanzie kwenye maua", kana kwamba Kitulo ni bustani ya ukumbi wa harusi. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na hawakutia chumvi. Ni hifadhi tangu 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea hasa, sio tembo. Kilomita za mraba 412.9, aina 350 za mimea, okidi pekee aina 45. Kabla ya hapo Waingereza waliuita uwanda wa Elton, jina la konsuli wao aliyepita huko 1877. Amepita tu, akaachiwa uwanda mzima. (Ndiyo tabia yao. Mwaka uleule wa 2005 wataalamu waliutangazia ulimwengu kima mpya, kipunji, wa Rungwe na msitu wa Livingstone. Wanyakyusa walikuwa wameshampa jina zamani.) Lakini okidi za Kitulo sio kama waridi la dukani, nyingi ni ndogo na zimejificha kwenye nyasi. Mizizi yake ndiyo chikanda, ile inayochimbwa na kuvushwa Zambia, ikatwangwa na karanga ikawa kitoweo, na ni kwa sababu ya uchimbaji huo watu walianza kupigania uwanda ule ulindwe. Ukiwa kwenye baiskeli, mwendo wa mtu mwenye mguu unaouma, unaziona. Unashuka, unainama, unaona ile ya zambarau yenye madoa, karibu yake shimo dogo lililochimbwa na jembe la mtu. Dirisha la gari halina shimo hilo.

Kuhusu tarehe, wapo wanaotaka Oktoba. Naelewa: Septemba hadi Novemba ni jua na njia kavu. Lakini maua yenyewe ni Desemba hadi Aprili, na hayo ndiyo masika yetu, hayana mjadala. Juni hadi Agosti ni ukungu na baridi ya kukata masikio, hiyo waachieni wanaotubu. Tutakwenda Februari, tutapakwa matope, tutafua.

Habari ya hifadhi: anayeongoza safari aulizie mapema kuhusu kibali cha baiskeli, viingilio na mahali pa kupiga hema, na majibu ayapate kwa maandishi. Sio kufika getini na kuanza kulia lia kwamba fulani aliniambia kwa simu. Tyubu mbili kila mtu, solusheni, spoku za akiba, na pedi mpya za breki kabla ya kushuka Isyonje. Wa breki za diski msicheke, zenu ndizo zitakazolia kwanza zikiingia tope.

Sasa nikubali mambo mawili, shingo upande. La kwanza, mwenzetu mmoja ana miaka hamsini na tisa na goti lililofanyiwa upasuaji. Yeye akitaka gari, gari ni lake, na atakayemcheka atashughulika na mimi. La pili, mvua ikinyesha usiku kucha zile kona zinateleza kama sabuni, na Fuso inayoshuka haina nafasi ya kukukwepa. Siku hiyo tutakaa Chimala tunywe soda. Ndiyo maana nimeweka siku nne kwa safari ya siku tatu. Hilo nalo liliitwa "kupoteza muda" kundini. Sawa.

Jambo dogo la mwisho. Oktoba ile mimi na mwalimu tulibishana kuhusu idadi ya kona, tukakubaliana kuzihesabu kwa maharage: kila mtu hamsini na saba mfukoni, kila kona unatupa moja. Tulipofika juu mimi nilibakiwa na manne. Yeye yalimwishia kona mbili nyuma, akaanza kutupa kokoto. Tumegombana mwaka mzima. Yeye anasema mimi nilisinzia, mimi nasema yeye anahesabu hata mipindo. Mpaka leo hatujui nani mkweli, na ubishi huu hauwezi kuamuliwa na mtu aliyepandishwa kwa Land Cruiser.

Leo asubuhi nimejibu kundini: gari sawa, libebe mahema, sufuria na goti la mzee wetu. Baiskeli zitapanda kwa miguu yetu. Kimya cha dakika kumi, kisha wa Dar akaandika, "Sawa mzee, ila nikizimia mnipakie." Nikamwekea dole gumba.

Mchana nikapita sokoni nikanunua maharage ya Uyole, yale manjano. Nimeyahesabu mezani mafungu sita, hamsini na saba kila fungu, kila moja kwenye bahasha yenye jina. La mwalimu nimelihesabu mara mbili, mbele ya shahidi.