Ajali wapi, sema uzembe

Waingereza wana kamsemo nakapenda, "more like". Mtu anataja kitu, mwenzake anakidaka anakirudia kwa kuuliza halafu anakipa jina analoona ndo lenyewe. Accident? More like negligence. Sisi pia tunako, tena chetu naona kina makali zaidi: ajali wapi, sema uzembe!

Ila Mwingereza huyohuyo mkute ofisini, utamshangaa. Hakwambii umekosea, anakuletea "perhaps" na "I wonder if", wewe unadhani ni ushauri tu unaweza kuuacha kumbe ushaambiwa badilisha. Hiyo ya upole ndo siipendi kwakweli, maana mara nyingi jina linalopendekezwa kwa upole ni lile lisilomuumiza mkubwa. Hata kwetu imeshaingia, angalia ripoti na hotuba: dawa hazipo zahanati ni changamoto, daraja limesombwa ni changamoto, hela zimeliwa nayo changamoto, yaani neno tatizo limestaafishwa bila mafao.

Kwenye ajali lakini wenzetu walifanya la maana. Marekani, wakala wa serikali wa usalama barabarani, NHTSA, tangu 1997 walipiga kampeni watu waache kusema accident waseme crash, yaani gari kugonga au kugongana. 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, likapiga marufuku accident kwenye kurasa zake, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanatabirika na yanazuilika. 2016 shirika la habari la AP nalo likawaambia waandishi walikwepe neno hilo pale uzembe unapodaiwa au umethibitishwa.

Na kama unaona ni mambo ya wasomi kubishania maneno tu, waulize mashabiki wa Liverpool habari ya uwanja wa Hillsborough, kule Uingereza. Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA na Nottingham Forest, watu wakabanwa jukwaani mpaka kufa. 1991 mahakama ya uchunguzi ikasema vifo vya ajali. Familia zikagoma, miaka na miaka, mpaka 2012 uamuzi ule ukafutwa na 2016 baraza jipya la wazee wa mahakama likasema wale 96 waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuchangia (leo wanahesabiwa 97, mmoja alifariki 2021). Hapo kejeli ya "more like" isingefika popote, zilitakiwa nyaraka na mashahidi.

Ndo maana kwa hapa kwetu nakereka basi likipinduka dakika hiyohiyo watu wanaandika "ajali haina kinga", wakati tairi ni kipara na dereva alikuwa analipita lori kwenye kona. Kinga gani tena mnaitafuta?

Ila nao wanaorukia "uzembe" kabla hata majeruhi hawajafika hospitali wanakosea vilevile. Crash haimsingizii mtu, inataja kilichotokea basi. Ningekuwa mhariri ningeandika basi limepinduka, lori limegonga daladala, sababu isubiri uchunguzi, maana kuna siku kweli jiwe linaporomoka mlimani na dereva wa watu hana kosa lolote.