Logo yenye kiboksi cheupe imenichosha

Jana nimepita Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, pale bajaji zinapogeuzia, nikaliona bango nililolitengeneza mwenyewe nikageuza uso kama mtu anayedaiwa. Bango la kikundi cha akina mama wa mawese, kijani imekolea vizuri, maandishi yamenona, halafu logo yao ya mchikichi imekaa ndani ya kiboksi cheupe kama stika ya bei iliyosahaulika kubanduliwa. Mchikichi wenyewe una chenga utadhani ni tivii ya chogo siku ya mvua. Na chini kabisa namba yangu ya simu, maana fundi ndo mimi.

Logo halisi niliiomba siku nne. "Kaka, si nimeshakutumia?" Alichotuma katibu wao ni skrinshoti ya picha ya grupu la WhatsApp, pikseli 180 kwa 180, yaani vile vidoti vya rangi vinavyoijenga picha. Hiyo inatakiwa ikae sentimita 60 kwenye bango, gawanya mwenyewe, kila pikseli inatoka na upana wa zaidi ya milimita 3, yaani hata mzee asiye na miwani anazihesabu akiwa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia haifai mama, naomba faili la picha la aina ya PNG. Dakika mbili, PNG hiyo! Nikafurahi kama mjinga. Kumbe kijana wake kafuta jpg mwisho wa jina la faili kaandika png, picha ileile, kiboksi kilekile. Sawa na mimi nikiandika "daktari" mbele ya jina langu nianze kupasua watu.

Watu wa Kigoma hili nawaelezeaga kwa dagaa. JPEG, ndo hiyo jpg, ni kuanika. Imekuja 1992 kwa ajili ya picha za kamera, na inavyopunguza uzito ni kwa kutupa vitu ambavyo macho hayavitafuti sana, inaikatakata picha vijiboksi vya pikseli 8 kwa 8, halafu kila kijiboksi inabaki na yale ya muhimu tu. Safi kabisa, dagaa wa Katonga akishakauka anakuwa mwepesi, anapanda treni mpaka Dar bila shida. Ila maji yakishatoka yametoka. Mloweke usiku kucha, asubuhi huna dagaa mbichi, una dagaa mkavu aliyelowa. Ndo maana kuigeuza JPEG kuwa PNG hakurudishi kitu hata ukitumia programu ya maana siyo ile ya kubadilisha jina, na mbaya zaidi ukiifungua JPEG ukaongeza kaneno ukasevu tena JPEG, umeanika mara ya pili, mwenzio naye kwenye grupu kaongeza maua kasevu, ya tatu, mpaka inanifikia mimi ni unga.

PNG ni kitenge. Unakikunja kinaingia sandukuni, ukikikunjua hakuna ua lililopungua. Tena PNG inaweza kuacha sehemu wazi, pasipo na rangi panabaki hapana rangi, kijani ya bango inapita nyuma. JPEG hiyo haiwezi, kila mahali lazima pajazwe, na kwa kawaida panajazwa nyeupe. Kiboksi kinatoka hapo.

Haya, nakubali, JPEG siyo adui. Picha ya jua linazama ziwani ukiisevu PNG unapata faili zito mara kadhaa na macho hayaoni tofauti, unawamalizia watu bando bure. Picha ya kamera ni JPEG, yaishe. Ila logo, maandishi, skrinshoti ya muamala, hapana, kingo kali ndo zinaishinda, unakuta herufi zimezungukwa na viuchafu kama nzi kwenye migebuka.

Na kwa bango kubwa hata PNG ni afadhali tu. Logo unatakiwa uwe nayo ya vekta, SVG au ile PDF ya aliyeichora, humo hakuna pikseli, kuna mistari na mikunjo imewekwa kwa hesabu, kwa hiyo uiweke kwenye kalamu au ubavuni mwa meli ya Liemba haipasuki. Ulimlipa mtu akakuchorea logo? Dai hilo faili. Na ukilipata likuze sana uangalie, kuna vijana wanabandika JPEG ndani ya PDF wanakukabidhi kwa tabasamu.

Mengine kwa haraka. Picha ya HEIC ya iPhone yako kompyuta yangu ya zamani haiifungui, usininunie, badilisha kwanza. Picha ya WebP peleka kwenye tovuti. GIF ni ya 1987 na rangi zake ni 256, iache ichezeshe vikatuni. CV ni PDF jamani, mnapiga picha CV juu ya kitanda mpaka shuka la maua tunaliona, halafu mnasema ajira hakuna.

Sasa kilichonifanya niandike siyo hata hilo bango. Juzi juzi alikuja dada mmoja anauza samaki Kibirizi, kafiwa na mama yake, anataka fulana za msiba. Picha aliyonayo ni moja, imetoka kwa mjukuu kwenda kwa shangazi kwenda grupu la ukoo, kila mtu kaiskrinshoti na kukata kidogo. Nikafanya nilichoweza, nikalainisha, nikaongeza mwanga, nikaprinti. Dada akaishika fulana ya kwanza akaiangalia weee, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, kidoti cha mama kiko wapi?" Marehemu alikuwa na kidoti juu ya mdomo. Nikaikuza ile picha mpaka mwisho, pale juu ya mdomo kuna kahawia moja tu imepakwa sawasawa. Siyo kwamba nimekifuta mimi. Kilishaondoka njiani. Nikawa sina cha kumjibu, nikasema pole dada, nikapunguza bei, nikajiona mpumbavu.

WhatsApp siilaumu, inabana picha ili zipite kwa mtandao wetu huu na bando zetu hizi. Ila kwenye hicho kipini cha kuambatanisha kuna sehemu ya dokyumenti, ukiituma picha kwa njia hiyo inafika kama ilivyotoka. Ile HD ni nafuu, bado inabana. Au njoo na flashi, dukani kwangu kuleta flashi hakulipiwi.

Wiki mbili baada ya maziko mdogo wake akaja kutoka Kasulu na picha ya karatasi, ya studio, imepauka pembeni. Nimeiskani kwa nukta 600 kwa inchi, nimeisevu PNG, nimeiweka kwenye flashi mbili, moja yangu moja ya dada. Fulana zilishavaliwa. Kidoti kipo, ukikuza unakiona na kinywele chake.