Usiku Nilipogeuka Mumiani

Daktari maarufu kuliko wote waliowahi kufika Bagamoyo alifika akiwa maiti. Watumishi wake, Susi na Chuma, na wenzao walimleta Livingstone hapa Februari 1874, kakaushwa kwa chumvi, kafungwa kwenye gome la mti kama mzigo wa pembe.

Dakta wetu sisi alishuka mzima, kwenye basi, kapakata sanduku la hadubini kama mwana. Ndiye wa kwanza niliyemwona akiwafuata wagonjwa majumbani badala ya kuwangoja kwenye benchi. Mimi nimemaliza darasa la saba, kazi sina, akanipa kibarua: kumbebea karabai.

Karabai kwa sababu mdudu aliyemtafuta ni wa usiku. Pwani nani asiyejua matende na busha? Wazee wa barazani walishatoa hukumu kwamba busha linaletwa na madafu, nami nikawaamini kabisa. Toka nibalehe sijagusa dafu. Mtoto wa Bagamoyo, nikayatazama kwa macho tu! Dakta alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia ni minyoo midogo mno, na mchukuzi wake ni mbu. Mchana vitoto vya minyoo hiyo hujificha mapafuni. Usiku, mbu wakianza kuuma, navyo hujitokeza kwenye damu ya karibu na ngozi vichukuliwe. Abiria wanaoijua ratiba ya basi. Ukimtoboa mtu kidole saa nne asubuhi, kioo cha hadubini kitasema hana kitu. Mtoboe saa nne ya usiku ndipo uone mambo.

Sasa nani anabishiwa mlango usiku aombwe damu? Sote tumelelewa na hadithi za mumiani, mtu anayetembea gizani kuwanyonya watu damu ikatengenezwe dawa. Dakta alilijua hilo, akampa taarifa mjumbe wa nyumba kumi awatangazie watu (mjumbe akaitia mfukoni, akaenda zake ngomani). Mimi akanikaririsha: "Hodi, tunapima matende."

Nyumba ya kwanza, huko Dunda.

"Hodi!"

"Nani usiku huu?" Sauti ya bibi kizee.

Maneno yote yakayeyuka. Nikajisikia nasema: "Ni sisi, bibi. Tumefuata damu. Kidogo tu!"

Kimya. Halafu: "Mumianiii! Jamani, mumianiii!"

Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Wanaume na misuli wameikamata kwa mkono mmoja, mkono wa pili fimbo. Mama mmoja na mchi wa kinu. Nikatimua mbio. Nakata kushoto, wapo. Nakata kulia, wapo. Nikasema hawa wana macho ya paka, kumbe karabai ninayo mkononi, inawaka kama mwezi. Sikuizima wala sikuitupa; ya serikali ile, ningeilipa kwa nini?

Ikajizima yenyewe nilipotumbukia kwenye shimo la makumbi karibu na ufuko. Asiyejua harufu ya makumbi yaliyofukiwa miezi ili yasokotwe kamba, asiombe kuijua. Matope yalinifika kifuani. Mbu nao wakanikaribisha.

Walioniopoa walinitambua kwa kilio changu, wakanirudisha nikinuka mtaa mzima. Nikamkuta Dakta kakaa barazani kwa yule bibi, anakunywa kahawa. Hakuwa amekimbia hata hatua moja! Bibi alimwona usoni, akakumbuka ndiye aliyemzalisha binti yake, akaanza kumlaumu kwa kutembea na mwehu.

"Bwana mdogo," Dakta akaniita, "njoo uwaonyeshe wenzio kwamba haiumi."

Nikatoa kidole. Naikumbuka sindano ikija. Kilichofuata nilihadithiwa: nilianguka chali, na yule mama wa mchi ndiye aliyenipepea kwa kanga, huku watu wamepanga foleni na vidole juu, wananicheka.

Kesho yake mchana Dakta akaniita kwenye hadubini. Kwenye kioo kimoja nikaona vitu kama nyuzi zilizojikunja.

"Cha nani hiki, Dakta?"

"Chako."

Akanipa vidonge vya siku 12. Nikatoka moja kwa moja hadi kwa muuza madafu pale sokoni, nikamwambia anikatie mawili.