Jezi Kumi na Moja Darini

Nilikuwa fundi mpya mwenye kiherehere. Nikakabidhiwa ghorofa nzima: visanduku 11 vya waifai, ngazi moja, na bosi aliyetaka kila kitu kiwe tayari kesho yake asubuhi. Nikafungua mipangilio, nikaona masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi, 1 hadi 11. Visanduku 11, chaneli 11! Nikacheka peke yangu juu ya ngazi. Kumbe kupanga chaneli kunakowatoa watu jasho ni kugawa jezi tu.

Nikagawa. Mlangoni chaneli 1, golikipa. Ukumbi wa mikutano 9, mshambuliaji. Ofisi ya bosi 10, lazima. Nikachapisha stika za namba, nikabandika kila kisanduku ya kwake, kisha nikapandisha nguvu ya mawimbi hadi mwisho, maana timu haiingii uwanjani kinyonge.

Asubuhi bosi akaanza mkutano wa video. Mtu wa upande wa pili akaganda mdomo wazi, jicho moja kafumba. Nikaitwa. Nikamwonyesha bosi simu yangu: mawimbi yamejaa pomoni!

"Mawimbi nayaona," akasema. "Huyu ndiye simwoni akifumba mdomo."

Ikabidi nimpigie fundi mkuu. Akafungua programu ya kupima mawimbi, na pale kwenye kioo nikaona vilima 11 vimelaliana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Kisha akatazama stika darini. Akanyamaza kidogo.

"Kijana, nani kakwambia hizi ni jezi?"

Akanieleza polepole, na upole wenyewe ndio ulioniuma. Kutoka chaneli moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, ilhali wimbi lenyewe linataka upana wa 20. Kwa hiyo namba 4 anamkanyaga 3, 5, 6, hata 7. Wenye chaneli ile ile angalau husikilizana, wakapokezana zamu. Wangu walisikiana kama kelele: data inaharibika, inatumwa upya, inaharibika tena. Zisizogusana ni 1, 6 na 11, basi.

"Na nguvu punguza. Mtu umempakata, unampigia kelele za nini?"

Nikapanda ngazi upya. Tukagawa 1, 6 na 11 majirani wasifanane, vingine tukavizimia kabisa masafa ya 2.4, vikabaki na gigahezi 5 ambako nafasi ni tele. Kufika mchana, yule mtu wa kwenye video akafumba mdomo.

Stika sikuzibandua. Gundi niliyotumia, mnisamehe.

Wiki iliyofuata bosi akanipigia: "Namba 9 imekufa!" Nikaingia kwenye mfumo kutafuta chaneli 9. Haipo. Huku bosi anafoka sikioni, nikabahatisha kisanduku kimoja, nikakizima ili nikiwashe upya.

Sauti ya bosi ikakatikia katikati ya neno. Kumbe alikuwa ananipigia kwa waifai, kutoka ofisini kwake.