Msaada usiouliza baba yuko wapi

Kila nikipiga simu nyumbani Busia, Uganda, mama mdogo hurudia lile lile: "Wewe watoto wako wanalelewa na serikali ya Uingereza." Si kweli. Nilikuja kwa viza ya kazi, na sharti lake lilikuwa wazi: hakuna msaada wa serikali. Zile fedha za watoto, ambazo mwaka 2025 zilikuwa paundi 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata, nilizisikia tu kwa majirani.

Kilichonivusha ni benki ya chakula ya kanisani. Mwalimu wa mwanangu ndiye aliyenitafutia vocha ya kuchukulia chakula. Nilifika nimejifunika mtandio hadi puani kwa aibu. Bibi mmoja akaniuliza mambo mawili tu: watoto wangapi, na je, kuna asiyekula njugu? Akapanga mchele, maharagwe ya mkebe, maziwa, chakula cha siku tatu, na chini kabisa akatia taulo za kike bila kusema neno. Kuhusu baba yao hakuuliza. Nililia ndani ya basi njia nzima.

Nililia kwa sababu nilikumbuka foleni nyingine. Kabla sijaondoka Uganda, wafadhili fulani waliwaita "kina mama walioachwa". Tulisimama juani tangu saa nne hadi saa nane tukihubiriwa maadili, kisha kila mmoja akapewa kilo tano za unga wa posho na mche wa sabuni. Lakini kwanza picha: inua mfuko, tabasamu. Binti yangu alikuwa na miaka saba, amenishika gauni. Hadi leo anaikumbuka picha ile.

Hata hivyo sisemi ughaibuni ndiko kwenye utu. Sokoni Busia tulikuwa na kikundi cha akiba, wauza mukene, yaani dagaa, na mitumba, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mwanamke wake. Mwanangu alipozidiwa na malaria usiku, wale watatu walikuja na funguo zao, sanduku likafunguliwa kwa mwanga wa simu. Huku hakuna aliyewahi kunigongea mlango usiku.

Serikali yetu huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi, na ni jambo jema. Mtoto wa mama asiye na mume hana fungu kama hilo. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 1997, ila sare na chakula cha mchana vinamngoja mama. Sheria inamtaka baba atunze mwanawe, lakini anayemfuatilia kwa ofisa wa ustawi wilayani hulipa nauli, na siku hiyo meza yake sokoni haifunguliwi.

Kwa hiyo ndugu zangu wa ughaibuni, tukichanga, tusitume magunia na mpiga picha. Tutie pesa kwenye masanduku yale. Wenye funguo wanajua nani hajawasha jiko tangu juzi.

Mwezi huu nimetuma shilingi laki tatu. Mweka hazina akauliza aandike daftarini kwamba zimetoka kwa mfadhili gani. Nimemwambia aandike "mwanachama".