Mume Akipiga Pasi, Taa Hufifia

Ninaishi Tabata, katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji watano na mita moja ya LUKU, na napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba kazi ya kupiga pasi sikuiomba. Siku moja, saa 11 alfajiri, nilisimama kwenye mlango wa jiko nikiwa na shati mkononi, nikamuuliza mke wangu, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, mbona shati langu halijanyooshwa. Mama Asha, ambaye saa hizo huwa ameshatoa makarai kadhaa ya vitumbua vya biashara, hakuinua hata kichwa.

"Baba Asha, mikono yangu yote miwili ina mafuta. Nikikupigia mimi, utafika kazini unanukia iliki, na watu watakuuliza bei."

Nilijitetea kwa kusema kwamba pasi ni kazi ya wanawake tangu enzi. Akaniuliza kama yule dobi wa pale kituoni, mwenye ile pasi ya mkaa yenye jogoo juu ya mfuniko, ni mwanamke. Niliingia kwenye intaneti kutafuta ushahidi wa kuniokoa, nikakuta kwamba aliyepata hataza ya pasi ya umeme kule Marekani mwaka 1882 ni Henry Seeley, mwanamume kama mimi. Nikaizima simu. Nashuku kwamba na huyo bwana alikuwa ameulizia shati lake alfajiri.

Basi nikaanza kujifunza. Pasi yetu, ambayo ilinunuliwa kwa fedha za vitumbua na kwa hiyo siwezi kuitukana mbele ya watu, ina kitufe cha kuzungusha chenye nukta moja, mbili na tatu. Mimi nilidhani ni mapambo. Suruali yangu ya poliesta, niliyoinunua kwa ajili ya Idi, ndiyo iliyonielimisha kwamba nukta tatu, zenye joto la karibu nyuzi 200, ni za pamba na kitani, kwani pasi ilipotua pajani haikutaka kuondoka peke yake, ikaondoka na kipande cha paja. Shati la pamba nalo lina ukaidi wake, kwa maana likikauka sana halinyooki mpaka ulinyunyizie maji, na ukiyazidisha maji unakuwa umefua upya. Nilitoboa kizibo cha chupa kwa msumari ili ninyunyize kistaarabu, maana nilipojaribu kupuliza maji kwa mdomo kama madobi wa zamani, nililowesha mto, blanketi na mtoto.

Hayo yote ningeyavumilia, lakini kuna sketi ya shule. Sketi ya Asha ina marinda 24, na idadi hiyo ninaijua kwa sababu nimeyahesabu usiku wa Jumapili nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda kama mtu anayeomba toba. Ukililaza rinda la kwanza likatulia, la pili linajikunja. Ukilirudia la pili, la kwanza linakumbuka uhuru wake. Na ukikosea mstari wa zamani kwa upana wa kiberiti tu, unazaa mstari mpya ambao hautafutika mpaka ufuaji ujao. Mara ya kwanza nilimaliza saa 5 usiku, nimelowa jasho, nikajiona nimeshinda. Asubuhi mtoto akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema kwa adabu zote, "Baba, shikamoo. Umeniongezea marinda." Tulihesabu. Yalikuwa 31.

Nilipendekeza kwamba angalau nguo za ndani zisipigwe pasi, kwa kuwa hakuna anayezikagua. Mama Asha alinikumbusha kuhusu yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizochelewa kukauka, ambayo huanguliwa, kisha funza akigusana na ngozi hujichimbia humo na kukuachia jipu linalochezacheza. Joto la pasi ndilo linaloyaua mayai hayo. Wakati wa masika, nguo zinapokaa kambani siku mbili bila kuona jua, hoja hiyo haina mjadala, na mimi sasa hupiga pasi hata soksi, tena ndani na nje.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kazi hii haifichiki. Kufagia unaweza kufagia mlango ukiwa umefungwa, lakini nikichomeka pasi, taa za nyumba nzima hufifia, na wapangaji wote wanajua kwamba Baba Asha ameanza. Kwanza walileta suala la LUKU kwenye kikao cha uani, ikabidi niwaeleze kwamba pasi ya wati 1,000 hula uniti moja ikiwaka saa nzima mfululizo, na kwamba mimi sifiki hapo, achilia mbali Jumapili ya marinda. Niliongezewa mchango. Kisha jirani yangu wa chumba cha tatu, mtu mzima mwenye ndevu, akatangaza mbele ya wanaume wenzangu kwenye bao kwamba dalili zote zinaonyesha nimelishwa limbwata. Walicheka mpaka kete zikaanguka. Nilirudi ndani nikapiga pasi kanzu yangu kwa hasira, na lazima nikiri kwamba haijawahi kunyooka vile.

Alhamisi iliyopita, karibu saa 6 usiku, nilisikia mlango unagongwa kwa ukucha. Nilipofungua nikamkuta jirani huyohuyo, amekumbatia kanzu iliyojikunja kama karatasi ya karanga. Mkewe amekwenda Tanga kwenye msiba, Ijumaa imefika, na dobi amefunga. Aliinong'oneza shida yake akiangalia pembeni. Nikamkaribisha, nikamwonyesha nukta tatu, nikamkabidhi chupa yangu yenye kizibo cha matundu, akaanza na ukosi.

Taa zikafifia. Kutoka chumba cha mwisho sauti ya mama mmoja ikapaa, "Baba Asha! Hata usiku wa manane?"

Jirani aliganda na pasi hewani, akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

"Samahani, mama," nikajibu. "Namalizia mikono."