Kodi ya Bedisita Haijengi Kaunti

Uchaguzi ukinukia tu, wanasiasa wetu wa Kenya huanza kuahidi chuo kikuu. Kila kaunti inataka chake. Sipingi elimu kufika mashinani. Ninachopinga ni ile dhana kwamba chuo kikishafunguliwa, biashara na watalii watajileta wenyewe.

Wanaoishika dhana hiyo hunionyesha Juja, mji ulio kando ya Barabara ya Thika karibu na Nairobi. Kweli, Juja imekua. Chuo cha Jomo Kenyatta kilileta wanafunzi, na Barabara ya Thika ilipokamilika 2012, wenye ploti wakapandisha magorofa ya bedisita, vyumba kimoja kimoja vya kupanga, hadi ukakosa pa kuanika nguo. Vibanda vya chapo na maharagwe, saiba, boda boda, vyote vipo. Lakini pesa hizo ni za nani? Ni za mzazi aliyeuza ng'ombe Kitui, au za mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nao ukichelewa, mwenye kibanda ndiye anayekopesha. Chuo kikifungwa kwa likizo ndefu, mtaa unalala njaa. Kwangu hayo ni matumizi ya wanafunzi tu. Uchumi wa eneo ni jambo jingine.

Tulishaonywa. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo ya kujilipia, vyuo vilikimbilia miji midogo na kukodi orofa juu ya maduka na benki. Udanganyifu katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ulipodhibitiwa 2016, waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walishuka kutoka karibu 170,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 90,000. Wateja wakapungua, kampasi nyingi zikafungwa, na wenye majumba wakabaki na mikopo ya benki. Miji ile ilibaki na ujuzi gani? Mimi siuoni.

Sasa rudi nyuma kidogo kwenye Barabara ile ile ya Thika, pale Ruaraka, Nairobi. Chuo cha Utalii kilianzishwa 1975 kwa msaada wa Uswisi. Miaka miwili kabla, 1973, jumba la mikutano la KICC lilikuwa limefunguliwa na Nairobi ikaandaa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mahoteli yalikuwa yanahitaji wapishi, wahudumu na mameneja. Kazi ilitangulia, chuo kikafuata. Halafu mahoteli yenyewe yakachangia gharama kupitia tozo ya asilimia 2 ya mapato yao, na chuo kikawa na hoteli yake ambamo mwanafunzi anamhudumia mgeni anayelipa na anayeweza kurudisha sahani kwa hasira. (Hasira ya mgeni hufundisha kuliko mhadhara, mwulize yeyote aliyepita pale.) Hadi leo, mahoteli ya Afrika Mashariki yana wafanyakazi waliofunzwa Ruaraka.

Hapo ndipo penye tofauti. Biashara inayolipia mafunzo itauliza inapata nini. Mwanasiasa anayegawa kampasi hataulizwa na yeyote baada ya kukata utepe. Chuo Kikuu cha Moi angalau kilithubutu: mwaka 2007 kilichukua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, ambacho kilikuwa kimeanguka. Mtu anaweza kubishana na matokeo, ila swali walilouliza lilikuwa la maana: mji huu unajua kufanya nini tayari?

Narok inajua kupokea wageni. Tangu 2024, mtalii mzima wa kigeni anayeingia hifadhi ya Maasai Mara hutozwa dola 200 kwa siku kati ya Julai na Desemba, na mjini Narok kuna chuo kikuu chenye jina la mbuga hiyo hiyo. Ningekuwa diwani kule, ningedai dola 4 za kila tiketi, yaani asilimia 2 ile ile ya Ruaraka, zilipie mafunzo ya waongoza watalii, mafundi wa magari ya safari na wahasibu wa kambi, na wenye kambi wapewe viti kwenye kamati inayoamua kinachofundishwa. Wakikataa viti hivyo, tutajua mapema kwamba kozi yenyewe haina soko.